Nyumba ya mirathi Makole: nitoe milioni 15 au nisubiri?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, nauza nafaka soko la Majengo hapa Dodoma mjini, na naishi Nkuhungu na mume wangu na watoto wetu wawili. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiweka akiba, mimi kwenye kikoba, yeye kwenye SACCOS ya kazini, na sasa tumefikisha milioni 43. Lengo letu ni nyumba ya kupangisha iliyo karibu na mjini. Lakini tangu Serikali ihamie huku, bei zimetuacha mbali. Iyumbu na Njedengwa tunapita tu tukitazama.

Mwezi uliopita dalali mmoja alinikalisha chini akaniambia kwamba watu wenye akili hawanunui nyumba za kawaida, wananunua nyumba za urithi. Anasema wanafamilia huwa na haraka ya kugawana pesa, kwa hiyo bei hushuka sana. Akanipeleka Makole kuona nyumba ya vyumba vinne yenye banda la uani la vyumba vitatu. Kiwanja ni kikubwa. Jirani zake wanataja milioni 90 kwenda juu, lakini hii wanaitoa kwa milioni 55.

Mwenye nyumba alifariki 2014. Ameacha watoto wanne. Watatu ni wa mke wa kwanza, ambaye naye alishafariki: mkubwa yuko hapa Dodoma na ndiye anayeuza, wa pili ni dada aliyeolewa Mwanza, wa tatu yuko Dar es Salaam. Wa nne ni kijana wa miaka 13, wa mke wa pili. Huyo mama mjane ndiye anayeishi kwenye nyumba na mwanawe, na lile banda la uani ndilo analopangisha.

Makaratasi niliyoonyeshwa ni haya: hati ya kiwanja ya CDA (ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) ya mwaka 1989 yenye jina la marehemu, muhtasari wa kikao cha familia wa 2014 unaosema kaka mkubwa ameteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, wenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, na risiti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zinazoonyesha kodi ya majengo inakatwa. Kaka mkubwa anataka milioni 15 za kuanzia kabla mwezi haujaisha. Nilipouliza kuhusu mama mjane akasema, "Huyo tutampa kifuta jasho, atahama." Dalali ananipigia simu kila jioni, anasema kuna mteja mwingine.

Mume wangu anaona ni bahati. Mama mkwe anasema vya marehemu vina wenyewe, tusiviguse. Mimi niko katikati. Naomba unisaidie mambo matatu. Je, nitoe hizo fedha? Kama si hii, nyumba za namna hii hutafutwaje bila kuingizwa mjini? Na je, kununua nyumba ya watu waliofiwa ni kujipatia faida kwenye msiba wa wenzangu?

Mama Wawili, Nkuhungu


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Hizo milioni 15 usizitoe. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu mwezi unakwisha na simu za jioni zina nguvu ya kumchosha mtu mpaka akubali. Kama kweli yupo mteja mwingine, mwache atangulie.

Sasa tuzungumze taratibu, maana sikukatazi kununua nyumba ya mirathi. Dalali wako amekueleza ukweli, lakini nusu. Ni kweli nyumba hizi mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu. Ila hakukuambia unafuu unatoka wapi. Ile tofauti kati ya milioni 55 na 90 inatokana na kazi ambayo familia ile haijaifanya kwa zaidi ya miaka kumi: kwenda mahakamani, kupata msimamizi halali, kuorodhesha mali, kukubaliana nani apate nini, kubadilisha jina kwenye hati. Ukilipa leo, utakuwa umeinunua kazi hiyo pamoja na nyumba, na utaifanya ukiwa mgeni katika ukoo usio wako, huku fedha yako imeshaliwa. Faida ya kweli katika mali za mirathi huipata mnunuzi mwenye subira ya kuingoja familia imalize kazi yake, au mwenye moyo wa kuisaidia imalize.

Nianze na muhtasari wa kikao, kwa sababu ndio unaowaponza wengi. Kikao cha familia hupendekeza jina. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama peke yake. Karatasi ya kikao hata ikipigwa mihuri ya mitaa yote ya Makole haimpi huyo kaka mamlaka ya kuuza hata mlango. Mwombe akuonyeshe barua ya usimamizi. Kama shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, hiyo ni Fomu Na. IV. Kama ni mahakama za juu, ni barua za usimamizi zenye muhuri wa mahakama husika. Zote zina namba ya shauri la mirathi. Ichukue namba hiyo, nenda mwenyewe kwenye masjala ya mahakama hiyo, uliza kama shauri lipo, kama uteuzi haujatenguliwa, na kama kuna pingamizi. Usimtume dalali.

Akisema hana, maana yake familia haijaanza. Wanaweza kuanza hata sasa. Kwa kuwa mzee alifariki 2014, mahakama itataka maelezo ya kwa nini wamechelewa, nao watayatoa. Watahitaji cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo), huo muhtasari wa kikao (hapo ndipo unapofanya kazi yake), na majina ya warithi wote. Wote, mwanangu, pamoja na yule mtoto wa miaka 13 na mama yake. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya mtu aliyeishi kwa mila au kwa Uislamu. Kama mzee alikuwa Mkristo aliyefunga ndoa kanisani na kuishi nje ya mila, shauri lake ni la mahakama za juu yake. Familia nyingi hukosea hapa, wakapata uteuzi kwenye mahakama isiyohusika, kisha miaka inapita na mtu mmoja asiyeridhika anakuja kuuvunja wote.

Msimamizi akishateuliwa, ana deni kwa mahakama. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni ya marehemu, na baadaye hesabu ya jinsi alivyogawa. Katika mahakama za juu orodha huwasilishwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja, isipokuwa mahakama imeongeza muda. Orodha hiyo ni rafiki yako mkubwa kuliko dalali. Isome. Nyumba ya Makole imo? Imeandikwa kuwa ya marehemu peke yake? Warithi waliotajwa ni wangapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye mirathi daftari lenyewe ndilo hilo.

Risiti za LUKU ziweke pembeni. Kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme tangu 2021, kwa hiyo risiti inaonyesha tu kwamba kwenye nyumba hiyo kuna mtu ananunua umeme. Pengine ni yule mama mjane anayeambiwa ahame.

Hati ya CDA nayo inahitaji macho ya karibu, na hili ni jambo la Dodoma hasa. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilianzishwa 1973, ikavunjwa Mei 2017, na kazi zake zikahamia halmashauri, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Hati nyingi za CDA zilikuwa za miaka 33. Serikali ilipoivunja CDA ilielekeza wenye hati hizo wapewe za miaka 99, kama ilivyo sehemu nyingine za nchi. Chukua mwaka 1989, jumlisha 33, unapata 2022. Kwa hesabu ya karatasi uliyoonyeshwa, muda wa milki hiyo umeshapita, na mwenye jina alikuwa amefariki tangu 2014, kwa hiyo huenda hakuna aliyekwenda kuibadilisha. Sisemi kiwanja kimepotea. Nasema kabla ya kuzungumza bei, mtu aende ofisi ya ardhi na nakala ya hati hiyo aulize hali yake ikoje, deni la kodi ya pango la ardhi ni kiasi gani, na nini kinatakiwa ili msimamizi apewe hati mpya. Ukiwa huko huko, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio la kusimamisha uhamisho. Usishangae ukikuta dada wa Mwanza ameshaweka la kwake.

Hata mambo yote yakienda sawa, jina haliruki kutoka kwa marehemu kuja kwako. Marehemu hawezi kusaini uhamisho. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, msimamizi kwanza husajiliwa yeye badala ya marehemu, katika nafasi hiyo ya usimamizi, na ndipo anapohamisha kwako. Hatua ni mbili na zote zina ada na muda wake. Atakayekuambia kuna njia ya mkato ya kuandika mkataba wa nyuma kana kwamba mzee alikuuzia akiwa hai, ondoka hapo hapo. Hiyo ni kughushi, na itakufuata wewe.

Sasa yule mama.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila nikifika kwenye "tutampa kifuta jasho" nasimama. Mjane si mpangaji wa nyumba ya mumewe. Fungu lake hutegemea mzee aliishije na ndoa yao ilikuwa ya namna gani. Kama ni mirathi ya Kiislamu, mjane wa mume aliyeacha watoto ana thumuni, sehemu moja ya nane ya mirathi. Kama mzee alikuwa Mkristo aliyeishi nje ya mila, mahakama zetu bado hutumia Sheria ya Urithi ya India ya 1865, na hapo mjane hupata theluthi moja, watoto wakagawana theluthi mbili. Chini ya kanuni za mila zilizoandikwa 1963, mjane mwenye watoto hana fungu lake mwenyewe, anatakiwa atunzwe na watoto wake. Kanuni hiyo inaniumiza kila ninapoitaja, kwa sababu nimeona wanawake waliotoka nyumba walizozijenga na sufuria mbili kichwani. Lakini hata mahali mila inapotumika, kile alichokichuma yeye na mumewe anaweza kukidai kama jasho lake. Lile banda la uani lilijengwa lini, na kwa fedha ya nani? Muulize yeye, usimuulize kaka.

Na mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali iliyoachwa na mzazi wake. Kijana wa miaka 13 hawezi kusaini kukubali nyumba ya baba yake iuzwe, na mtu akisaini kwa niaba yake, mahakama ina haki ya kuuliza fungu lake limekwenda wapi. Akifika miaka 18 atakuja kuuliza mwenyewe.

Hapa ndipo mnunuzi wa haraka anapoumia. Mtu anayedai ardhi ana miaka 12 ya kwenda mahakamani chini ya Sheria ya Ukomo. Nawafahamu watu waliokwisha kupaka rangi, kuweka vigae na kuingiza wapangaji, kisha akatokea mrithi ambaye jina lake halikuwemo popote. Kesi ikaanza, wapangaji wakahama, na muuzaji aliyekula fedha akawa hapatikani kwenye simu. Ni kweli kwamba msimamizi halali anaweza kuuza bila kupata sahihi ya kila mrithi, mradi anauza kwa nia njema na kwa faida ya mirathi. Mawakili watakuambia hivyo na hawakosei. Bado mimi nakushauri usinunue nyumba ya mirathi ambayo warithi wote wazima hawajasaini kuridhia, mjane akiwa wa kwanza. Sahihi ya dada wa Mwanza inagharimu nauli ya basi. Kukosa sahihi hiyo kunaweza kukugharimu nyumba.

Swali lako la pili ni zuri kuliko ulivyodhani, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Nyumba hizi zinatafutwa wapi?

Watu wengi hukimbilia matangazo ya mirathi, yale yanayobandikwa kwenye mbao za mahakama na kutolewa magazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Yanafaa kusomwa, maana yanakupa jina la marehemu, jina la mwombaji na namba ya shauri. Lakini tangazo linatoka wakati familia bado iko kwenye maji ya moto. Ukienda kubisha hodi wiki hiyo na ofa mkononi, watakuona tai, na watakuwa sahihi. Andika namba, subiri. Rudi miezi kadhaa baadaye, orodha ya mali ikiwa imewasilishwa, umuulize msimamizi kwa adabu kama kuna mali ambayo familia imeamua kuiuza ili igawane.

Maana familia kuuza kwa sababu za haki hutokea sana. Nyumba moja, warithi saba, hakuna anayeweza kuwalipa wenzake mafungu yao. Au warithi wote wako nje ya mkoa na nyumba inaoza. Wakati mwingine mahakama yenyewe huelekeza mali iuzwe na fedha igawanywe. Hao ndio wauzaji wako. Hawana haraka ya wizi, wana haja ya kumaliza. Bei yao itakuwa chini kidogo ya soko kwa sababu wanataka mnunuzi mmoja mwenye fedha taslimu na asiyewasumbua. Usitegemee milioni 55 kwa nyumba ya 90. Tegemea punguzo la kiasi, na usiku wa kulala.

Mawakili wanaoshughulika na mirathi hapa mjini huwajua wauzaji wa namna hiyo kabla ya dalali yeyote. Jitambulishe kwa wawili watatu, waambie una kiasi gani na unatafuta mitaa gani. Wenyeviti wa mitaa na mabalozi pia wanajua kila nyumba ambayo mwenyewe amefariki, hasa kwenye mitaa ya zamani kama Kikuyu, Chamwino, Makole na Chang'ombe, ambako waliojenga enzi za mwanzo za CDA sasa ni wazee au wametangulia. Chukua habari kutoka kwao. Ila muhuri wao usiuhesabu kuwa hati.

Huko pembeni ya mji, Ihumwa, Mtumba, Nala, Msalato, mambo ni mengine. Hapo unakuta shamba la babu, la mtama na uwele, ambalo mji umelifikia ghafla: Mji wa Serikali upande mmoja, uwanja mpya wa ndege upande mwingine, barabara ya mzunguko inapita. Wajukuu wanakata vipande na kuuza. Mara nyingi hakuna hati, hakuna msimamizi, na mabinti wa babu waliolewa wakaambiwa shamba ni la wanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza chini ya Jaji Mwalusanya ilishasema kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi aliyoirithi sawa na mwanaume. Ukiwa Nala na umekaa chini ya mbuyu na wajukuu wanne wa kiume, swali lako la kwanza liwe shangazi zao wako wapi. Wasipotaka kulijibu, panda bodaboda urudi Majengo.

Ipo pia njia ambayo madalali hawaipendi kwa sababu udalali wake ni mdogo: usinunue kabisa, ingia ubia. Kuna wajane na familia mjini wenye viwanja vikubwa vya urithi, nyumba kuukuu, na hawana fedha ya kujenga, wala hawataki kuuza nyumba ya baba. Ukiwa na milioni 43 unaweza kukubaliana na msimamizi na warithi ujenge fremu za duka upande wa barabarani, upokee kodi kwa miaka mtakayopatana mpaka fedha yako irudi na faida, kisha fremu zibaki kwao. Mkataba uandikwe na wakili, usainiwe na warithi wote, na upangaji wa muda mrefu usajiliwe. Kwa nyumba ile ya Makole, kama kiwanja ni kikubwa kama ulivyosema, mimi ningeanza mazungumzo hapa kabla ya kuzungumzia kununua. Mama abaki kwake, kijana akue nyumbani kwa baba yake, na wewe upate kodi.

Wakikataa ubia na wakataka kweli kuuza, basi iende hivi. Kaa na familia yote, hata kama wengine ni kwa simu, mbele ya wakili unayemlipa wewe. Andikeni makubaliano ya awali kwamba utanunua kwa bei fulani pale tu msimamizi atakapoteuliwa, atakaposajiliwa kwenye hati, na mjane atakapokuwa ameridhia kwa maandishi na kupewa makazi yanayoeleweka. Kama hawana fedha ya kuendesha shauri na kubadilisha hati, unaweza kukubali kulipia gharama hizo wewe, moja kwa moja mahakamani na ofisi ya ardhi, kwa risiti, zikatwe kwenye bei. Usimpe mtu taslimu akakulipie. Bei yenyewe ilipwe benki, kwenye akaunti ya mirathi inayosimamiwa na msimamizi, na sehemu kubwa ibaki mkononi mwako mpaka nyaraka za uhamisho zitakapokuwa zimesainiwa na kuwasilishwa.

Mkataba useme pia nani analipa kodi. Muuzaji mkazi hudaiwa asilimia 10 ya faida aliyoipata kwenye mauzo, na TRA isipolipwa uhamisho haukamiliki, kwa hiyo deni lake litakukwamisha wewe. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na kwa desturi hulipwa na mnunuzi. Kwenye milioni 55 hiyo ni laki tano na nusu. Ongeza mthamini, wakili na ada za usajili. Na naona milioni 12 za kufikia 55 hujanieleza zinatoka wapi. Kama ni mkopo wa benki kwa dhamana ya nyumba hiyo hiyo, benki haitaigusa ikiwa bado iko kwenye jina la marehemu.

Umeniuliza kama ni kujipatia faida kwenye msiba wa watu. Mama mkwe wako amesema vya marehemu vina wenyewe, na amesema kweli. Basi nunua kwa wenyewe. Wote wakiwa wamekaa, wamejua bei ya soko ni kiasi gani, wameamua kwa hiari kupokea kiasi fulani, na kila mmoja akapata fungu lake, hapo umewasaidia kugeuza nyumba isiyogawanyika kuwa fedha inayogawanyika. Kosa liko kwenye kujua kwamba kuna mama atatolewa nje pamoja na mtoto wake, ukanyamaza kwa sababu bei ni nzuri. Wewe umeliona hilo kabla ya kutoa hata shilingi, na ndiyo maana umeandika.

Kwa hiyo wiki hii nenda Makole bila dalali, mchana, umsalimie yule mama. Usimtangazie bei. Muulize kama anajua nyumba inauzwa. Kama hajui, umeshapata jibu kuhusu huyo kaka. Kama anajua na anatishwa, mwelekeze kwenye msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, na watoa huduma waliosajiliwa hawamtozi mtu asiye na uwezo. Msaidizi wa kisheria anaweza kumwonyesha jinsi ya kuweka zuio kwenye hati, au hata kuomba yeye mwenyewe kuwa msimamizi wa mirathi, maana mjane ana haki hiyo sawa na mtoto wa kwanza.

Na dalali akipiga jioni ya leo, mjibu kwa upole kwamba unasubiri namba ya shauri la mirathi, na kwamba udalali wake ataupata siku nyaraka za uhamisho zitakapopokelewa ofisi ya ardhi. Akikuletea namba hiyo, niandikie tena, uambatanishe na nakala ya upekuzi.

Shangazi